Bata Anayeatamia na Ndege Wapitao: Namna ya Kuwatazama Uani

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, kuanzia Machi hadi mwanzo wa Juni, ua mmoja wa kawaida unaweza kupokea wageni wa aina mbili ambao mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza ni bata mwitu jike, ambaye huchagua kichaka kimoja, akataga humo na kushikamana na mahali hapo kwa zaidi ya wiki tano. Wa pili ni ndege wadogo wanaohama, ambao hushuka alfajiri wakiwa na njaa baada ya kuruka usiku kucha, wakala kwa saa au siku chache, kisha wakaendelea na safari yao. Anayetaka kuwatazama wote anahitaji mazoea mawili tofauti: kwa bata ni kukaa mbali na kutulia, na kwa wapitaji ni kuamka mapema na kuwa tayari. Hata hivyo, kanuni ni moja kwa wote, nami naithamini kuliko darubini yoyote: ndege akibadilisha anachokifanya kwa sababu yako, umemkaribia mno.

Bata kabla ya kuatamia

Bata mwitu anayeonekana zaidi karibu na makazi ya watu ni yule ambaye wataalamu humwita Anas platyrhynchos, naye ndiye asili ya bata wengi wa kufugwa. Dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa, pete nyeupe shingoni na manyoya meusi yaliyojikunja juu ya mkia. Jike ana rangi ya kahawia yenye mabaka, na alama pekee inayong'aa mwilini mwake ni ukanda wa buluu bawani, uliozungukwa na mistari miwili myeupe. Ule mlio mkali ambao watu wengi huujua kuwa sauti ya bata ni wa jike, kwani dume hutoa sauti ya chini yenye mikwaruzo. Ukimsikia jike akilia mfululizo alfajiri au jioni huku akizunguka vichaka, na dume akiwa amesimama kando kama mlinzi, kuna uwezekano mkubwa kwamba anatafuta mahali pa kutaga.

Ua usio na maji pia huchaguliwa. Kiota kinaweza kuwa mamia ya mita kutoka kwenye maji, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja, kwa sababu jike hutanguliza maficho kuliko ukaribu wa maji. Mchunguze chini ya vichaka vyenye matawi yanayogusa ardhi, kwenye nyasi ndefu kando ya uzio, au ndani ya vyungu vikubwa vya maua. Bata huyu habebi vijiti kama ndege wengine wengi. Hukaa chini, akazungusha kifua chake hadi kishimo kipatikane, kisha akavuta majani makavu yaliyo karibu na mdomo wake na kujizungushia.

Hutaga yai moja kwa siku, mara nyingi asubuhi, mpaka yafike kati ya 8 na 13, na haanzi kuatamia hadi mayai yakaribie kutimia. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanakuta mayai manne au matano yamefunikwa kwa majani, yakiwa baridi na mama haonekani, wakadhani yametelekezwa, wakayachukua kuyaokoa. Mayai hayo hayana tatizo lolote, kwa sababu kiinitete hakianzi kukua mpaka kipate joto, na kwa kuchelewesha joto hilo mama huhakikisha kwamba vifaranga wote wataanguliwa karibu wakati mmoja. Ukikuta kiota cha namna hiyo, ondoka bila kugusa kitu na usirudi kukikagua kesho yake. Jike anayesumbuliwa katika siku hizi za mwanzo hukiacha kiota kwa urahisi kuliko yule aliyekwisha kuatamia kwa wiki tatu.

Mwaka mmoja nilikata nyasi chache zilizoziba kiota, ili nikione vizuri kutoka dirishani. Asubuhi iliyofuata kunguru wawili walikuwa wameshatoboa mayai sita. Nyasi nilizoziona kuwa zinanizuia zilikuwa ndizo kinga yake, na tangu hapo sijakata hata tawi moja karibu na kiota, hata kama ninachokiona ni ncha ya mkia tu.

Siku ishirini na nane

Utajua kwamba ameanza kuatamia kwa dalili mbili: unamkuta kiotini saa za mchana kwa siku mbili mfululizo, na kingo za kiota zinaanza kujaa manyoya laini ya kijivu aliyojing'oa kifuani. Andika tarehe hiyo, kisha hesabu siku 28 mbele. Mayai mengi huanguliwa kati ya siku ya 26 na ya 30. Katika kipindi hiki dume huondoka na hatasaidia kulea. Huenda kujiunga na madume wengine majini, ambako baadaye hunyonyoka manyoya ya mabawa na kukaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Kutokuwepo kwake si ishara ya ajali.

Jambo la kuvutia zaidi katika wiki hizi nne ni namna jike anavyotoka kiotini. Hutoka mara moja au mbili kwa siku, mara nyingi asubuhi na alasiri, kwenda kula, kunywa na kuoga. Kwanza huinua shingo taratibu na kubaki vivyo hivyo kwa muda, kichwa kimoja kikitokeza juu ya majani. Kisha huinamisha mdomo na kuanza kuvuta manyoya kutoka ukingoni kuelekea katikati, upande mmoja, halafu mwingine, akipachika jani kavu hapa na pale, mpaka mayai kumi yapotee kabisa machoni na kibaki kitu kama rundo la majivu na takataka. Baada ya hapo hutembea akiwa ameinama, mwili ukikaribia kugusa ardhi, na haruki mpaka afike mita kadhaa kutoka pale. Anaporudi hutua mbali, akasimama na kutazama, kisha akaja kwa miguu kwa njia ya kuzungukazunguka. Ukiwa umesimama kati yake na kiota, atabaki pale pale alipo, na mayai yataendelea kupoa.

Kwa hiyo mahali bora pa kutazamia ni ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha, taa ikiwa imezimwa. Kama huna budi kukaa nje, chagua kiti kimoja kisichopungua mita kumi kutoka kiotini, na ukitumie hicho hicho kila siku, kwa kuwa ndege huzoea kitu kisichohama. Jifunze kumsoma. Akijilaza bapa na kunyoosha shingo juu ya ardhi, jicho likikukazia, ana hofu nawe na anasubiri kuona kama itabidi aruke. Rudi nyuma polepole. Akijinyosha, akipanga manyoya yake au akilala mdomo ukiwa umefichwa mgongoni, basi umbali wako unafaa.

Ikikulazimu kupita karibu naye, pita moja kwa moja bila kusimama wala kumtazama usoni. Usiingie hadi kiotini na kutoka kwa njia ile ile, kwa kuwa njia iliyolazwa kwenye nyasi huwaongoza wanyama wawindaji. Ahirisha kufyeka eneo hilo, mfunge mbwa kamba anapotoka, na paka abaki ndani. Usimpelekee chakula. Najua hamu ya kumhurumia mama anayekaa siku nzima bila kula ni kubwa, lakini nafaka zikimwagwa karibu na kiota huvuta panya, kunguru na rakuni (mnyama mwindaji mdogo wa Amerika), na hao wote hula mayai. Tena usijaribu kukihamisha kiota, hata kwa mita mbili, kwani mara nyingi jike huyakataa mayai yaliyohamishwa. Isitoshe, ni kosa la jinai katika nchi nyingi: Marekani inawalinda ndege hawa, viota na mayai yao kwa sheria ya mwaka 1918 inayohusu mkataba wa ndege wanaohama, na Uingereza kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981.

Amerika Kaskazini kuna bata mwingine anayestahili kutajwa, Aix sponsa, ambaye hutaga katika matundu ya miti na hukubali sanduku la mbao. Tundu la kuingilia liwe la umbo la yai lililolala, upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 7.5. Ndani weka maranda ya mbao ya kina cha sentimita 8 hadi 10, kwa kuwa bata huyu haleti kitu chochote cha kutandika. Usitumie unga wa mbao, ambao hushika unyevu. Ukuta wa ndani chini ya tundu uchanjwe kwa msumeno ili vifaranga wapate pa kushika kucha wanapopanda, na nguzo ivishwe koni ya bati ili rakuni asifike juu. Vifaranga wake hujirusha kutoka tunduni siku inayofuata kuanguliwa, hata kutoka kimo cha zaidi ya mita kumi, na huanguka bila kuumia kwa sababu ya wepesi wa miili yao.

Wapitaji wa alfajiri

Wakati bata ameketi katika wiki yake ya pili au ya tatu, yaani mwishoni mwa Aprili na sehemu kubwa ya Mei, ndipo wapitaji hufika kwa wingi. Ndege wengi wadogo walao wadudu husafiri usiku. Huondoka muda mfupi baada ya jua kuzama, hewa ikiwa imetulia na mwewe wamelala, na hutua kunapokaribia kupambazuka. Safari zenyewe ni za kustaajabisha. Kolibri mwenye koo jekundu, ndege mdogo sana wa Amerika anayenyonya nekta ya maua, ambaye ana uzito wa takribani gramu 3, hujaza mafuta mwilini hadi kukaribia mara mbili ya uzito huo kabla ya kuvuka Ghuba ya Mexico, masafa ya takribani kilomita 800. Mbayuwayu anayejenga kiota chini ya mapaa ya Ulaya ameshinda msimu wa baridi Afrika. Mmoja aliyevishwa pete ya utambulisho mguuni Uingereza mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na hapo shaka nyingi kuhusu umbali wa safari zao zikaisha.

Kwa sababu hiyo, asubuhi ya kutazama hupangwa usiku uliotangulia kwa kuangalia hali ya hewa. Upepo unaovuma kutoka kusini, wenye joto kidogo, huwasukuma ndege kuelekea kaskazini, na usiku wa namna hiyo maelfu hupita juu ya paa lako. Lakini usiku wenye anga safi na upepo mzuri tangu mwanzo hadi mwisho unaweza kukuletea asubuhi tupu, kwani waliokuwa wakipita wamepita. Usiku wa kuusubiri kwa hamu ni ule unaoanza na upepo wa kusini, halafu mvua au upepo wa kaskazini ukaingia kabla ya mapambazuko. Ndege walio angani hushindwa kuendelea, wakashuka popote penye miti, na mti mmoja unaweza kuwa na aina kumi kwa wakati mmoja. Nchini Marekani mradi wa BirdCast hutumia rada za hali ya hewa kukadiria ni ndege wangapi watakaoruka usiku huo, na makadirio yake yanafaa kusomwa kabla ya kulala.

Toka nje jua linapochomoza na utumie saa mbili au tatu za mwanzo. Asubuhi ikiwa na baridi, usianze kutafuta popote; tafuta upande wa mti unaopigwa na jua kwanza, maana wadudu huamka huko kabla ya kwingine, na ndege wanajua. Mialoni inayoanza kutoa majani machanga ndiyo miti bora kuliko yote, kwa kuwa viwavi hujaa katika majani hayo laini kwa wiki mbili au tatu hivi, nao wapitaji hufuata kijani hicho kipya kuelekea kaskazini. Kama una mwaloni uani, usiupulizie dawa ya wadudu majira haya. Halafu shuka kwa macho kutoka vileleni hadi vichaka, na kutoka vichaka hadi ardhini, ambako ndege wa jamii ya mkesha hufukua majani makavu. Mara nyingi utasikia mchakacho kabla ya kuona kitu.

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa: 8 ni idadi ya mara ambazo picha hukuzwa, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Inayokuza zaidi ya 10 hutikisika mkononi na kukuonyesha eneo dogo mno kwa ndege wasiotulia. Mkazie ndege macho, kisha inua darubini hadi machoni bila kuondoa macho yako kwake. Anayetazama chini kutafuta darubini humpoteza ndege. Usianze na rangi. Angalia ukubwa wake ukilinganisha na shomoro, kisha mdomo, kama ni mwembamba wa kunasa wadudu au mnene wa kuvunja mbegu, kisha mistari myeupe bawani, na mwisho namna anavyotembea: je, anarukaruka, anatambaa juu ya gome, au anachomoka kunasa mdudu hewani na kurudi tawi lile lile? Programu ya simu iitwayo Merlin, ya kituo cha utafiti wa ndege cha Cornell Lab of Ornithology, husikiliza milio na kupendekeza majina, nami huitumia, lakini jina inalolitoa ni dokezo la kukuelekeza pa kutazama. Usiandike daftarini ndege ambaye simu pekee ndiyo iliyomsikia.

Kitu kimoja kitakachowaleta wapitaji wasiojali mbegu zako ni maji yanayosikika. Weka beseni pana lenye kina kisichozidi sentimita 5, liwe na kingo za mteremko na mawe machache ya kukanyagia, kisha tundika juu yake ndoo yenye kitundu kidogo cha sindano ili tone moja lianguke kila baada ya sekunde moja au mbili. Sauti hiyo huwashusha ndege wa vileleni ambao vinginevyo ungewaona matumbo tu. Beseni likae mbali na kiota cha bata, upande wa pili wa ua ikiwezekana, na maji yabadilishwe kila siku. Kwa kolibri, changanya sehemu moja ya sukari nyeupe na sehemu nne za maji, bila rangi na bila asali.

Ukiwavuta ndege, una wajibu wa kuwalinda dhidi ya vioo. Ndege huona miti na anga iliyoakisiwa kiooni, akaruka kuifuata. Kibandiko kimoja cha umbo la mwewe hakisaidii. Kinachosaidia ni alama ndogo nyingi, zilizobandikwa upande wa nje wa kioo, zikiachana kwa sentimita 5 kila upande. Zima taa za nje usiku katika wiki hizi, kwa kuwa mwanga huwavuta wasafiri na kuwapotosha.

Siku ya kuanguliwa

Hesabu yako ikifika siku ya 25, andaa njia. Siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, vifaranga huanza kulia wakiwa ndani ya mayai na mama huwajibu kwa sauti ya chini kabisa, ambayo utaisikia tu asubuhi tulivu isiyo na upepo. Kuanguliwa kwenyewe hukamilika ndani ya takribani siku moja, manyoya yakauke chini ya mama, kisha kwa kawaida asubuhi inayofuata awaongoze wote kwenda majini, na hawarudi tena kiotini.

Tatizo la nyua zilizozungushiwa ukuta ni kwamba mama aliingia kwa mabawa, lakini watoto wake watachukua takribani siku 50 hadi 60 kabla ya kuruka. Fungua lango tangu jioni ya siku iliyotangulia na uliache wazi, kisha rudi ndani. Ziba kwa wavu mdogo vifuniko vya mitaro ya maji ya mvua vilivyo njiani, kwa kuwa kifaranga hupita kwenye nafasi yake bila shida. Kama kuna bwawa la kuogelea, weka ubao wenye mteremko mdogo na uso wa kukwaruza kutoka majini hadi ukingoni, maana vifaranga huingia kwa urahisi, wakashindwa kupanda ukuta wa wima na kufa kwa baridi na uchovu. Wakiwa na mama yao, usiwashike wala kuwabeba kuwapeleka mtoni. Mama akiogopa akaruka mbali, unabaki na vifaranga kumi wasio na wa kuwapasha joto. Kifaranga aliyebaki peke yake kwa zaidi ya saa moja au mbili bila mama kumrudia ndiye wa kupelekwa kwa watu wenye kibali cha kutunza wanyamapori. Bata aliyekufa usimguse kwa mikono mitupu, kwani mafua ya ndege yameenea kwa bata mwitu katika miaka ya karibuni.

Wakishaondoka, ngoja hadi jioni, kisha nenda ukakiangalie kiota kwa karibu kwa mara ya kwanza. Maganda ya mayai yatakueleza yaliyotokea. Yai lililoanguliwa vizuri hukatika upande mnene, duara zima, kama kifuniko kilichofunguliwa kwa kisu, na utando wake wa ndani hubanduka kutoka kwenye ganda ukawa mkavu kama karatasi. Yai lililoliwa huwa na tundu ubavuni au limepondwa, na utando wake bado umeshikamana na ganda, mara nyingi ukiwa na mabaki ya ute wa njano. Hesabu vifuniko vya duara, linganisha na vifaranga uliowaona wakitoka langoni, na uandike namba zote mbili daftarini pamoja na tarehe. Jike aliyefanikiwa hupenda kurudi karibu na mahali pale pale mwaka unaofuata. Kama hapakuwa mahali salama kwa vifaranga, paziba mwishoni mwa majira ya baridi, kabla yai la kwanza halijatagwa.